Bohora Aliyejenga Mji Akabakia na Bustani

Uwanja tuliochezea utotoni hauko tena. Ulikuwa nyuma ya chuo chetu hapa Mombasa. Tulipotoka kusoma kwa maalim, juzuu kwapani, tulivua kanzu zetu tukazitundika kwenye mkungu, tukacheza mpira wa matambara mpaka adhana ya magharibi. Wazee walituambia kuwa uwanja ule ulitolewa na mtu mmoja mwema aliyekufa zamani, akausia uwe wa watu wote. Lakini aliusia kwa mdomo, karatasi haikuwako. Siku moja tuliona mabati yamezungushwa, baada ya mabati yakaja matofali, na baada ya matofali likapanda ghorofa. Mwenye kujenga simtaji, kwani si yeye niliyekusudia. Nataka tu msomaji ajue kwamba, ghorofa lilipokwisha, bwana yule alianza kupita mitaani akituamkia kwa adabu nyingi, akitaka tumpe kura.

Tangu hapo nina swali ambalo halijanitoka. Mtu aliyetajirika kwa viwanja na majumba akija akataka kuwa msemaji wetu, tumpime kwa kipimo gani? Kwa wingi wa majumba yake? Kwa utamu wa maneno? Au kuna mizani nyingine?

Jibu sikulipata Mombasa. Nililipata Nairobi, na aliyenipa ni maiti.

Katikati ya mji ule, pale penye zogo la matatu na maduka, ipo bustani iitwayo Jeevanjee. Mara ya kwanza nilipofika Nairobi nilikuwa kijana, sina pa kupumzikia ila hapo, maana mikahawa haikuwa ya mfuko wangu. Niliketi juu ya benchi nikatazama watu. Mmoja akihubiri, mwingine akila muhogo, wengine wamelala chali kama walio kwao. Nikajiuliza, huyu Jeevanjee ni nani? Jina nililijua kuwa ni la Kibohora, kwani sisi wa Mji wa Kale tumekua tukiuona msikiti wa Mabohora pale juu ya bandari ya zamani, mnara wake ukitazama majahazi. Bohora gani huyu aliyewaachia watu wa bara mahali pa kulala mchana bila ya kodi?

Nikaanza kuulizia na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

Kutoka Karachi hata Mombasa

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Karachi, ambao leo ni Pakistani na siku hizo ulikuwa Bara Hindi ya Kiingereza. Elimu ya shule hakuipata nyingi. Alichokuwa nacho ni jicho la biashara na miguu isiyotulia. Katika mwaka 1886 alikuwa Adelaide, kule Australia, akiuza bidhaa za mashariki. Mwaka 1890 akafika Mombasa na kufungua tawi la kampuni yake.

Msomaji aikumbuke Mombasa ya siku hizo. Pwani ilikuwa miliki ya Sultani wa Unguja, lakini Kampuni ya Waingereza ilikuwa imekwisha kukodishwa tangu 1888. Mwaka 1895 serikali ya Kiingereza ikaipokea nchi kutoka mikononi mwa Kampuni na kutangaza ulinzi wake. Mwaka uleule Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui alikuwa akipigana nao huku kwetu, na wao tayari wana shughuli nyingine vichwani: kutandika reli kutoka Kilindini hata ziwa la Nyanza.

Kazi ya reli ilitaka watu, na watu wakatafutwa Bara Hindi. Jeevanjee ndiye aliyepata kandarasi ya kuwaleta, wengi wao kutoka Punjab, na ya kuwalisha pia. Wakati wote wa kazi ile waliletwa watu 31,983 kwa mikataba. Kati yao 2,493 walikufa, wengine kwa maradhi, wengine kwa ajali, na baadhi yao, kama kila mtoto wa Kenya ajuavyo, kwa simba wa Tsavo. Waliobaki nchini baada ya mikataba kwisha ni 6,724.

Nazitaja hesabu hizi makusudi. Mali ya mtu haishuki kama mvua. Unga na mchele uliouzwa kwa makuli wale, mawe waliyochonga na udongo waliochimba, ndivyo vilivyomjaza Jeevanjee. Hakuwa peke yake katika faida hiyo, kwani tajiri mwenzake Allidina Visram alitandaza maduka njia nzima hadi Uganda. Lakini ni haki tuseme kwamba chini ya majumba niyatajayo hapa chini yapo makaburi ya watu wasiojulikana majina.

Mji juu ya kinamasi

Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Mahali penyewe hapakuwa na mji. Palikuwa na mto, kinamasi na vyura, na Wamaasai waliopanyweshea ng'ombe wao. Wakubwa wa reli wakaona panafaa kuwekwa karakana kabla ya kuupanda mlima. Watu wakapiga mahema, na mahema yanataka nyumba.

Hapo ndipo Jeevanjee alipogeuka kutoka mleta watu akawa mjenzi wa mji. Nyumba na ofisi za mwanzo za serikali zilijengwa naye, na akajenga soko la kwanza la mji. Alipata viwanja katika siku ambazo Mzungu mgeni hajajua kama Nairobi itadumu au itahamwa. Mtindo wake ulikuwa ule wajuao wenye majumba hata leo: nunua pale wengine wanapopaona pori, jenga upesi, mpangishe asiyeweza kuhama. Na mpangaji asiyeweza kuhama kupita wote ni serikali. Muda si muda akahesabiwa miongoni mwa wenye mali wakubwa wa nchi, Mombasa na Nairobi.

Mwaka 1902 akafanya jambo ambalo sisi wa kazi ya kalamu hatuna budi kulikumbuka. Hapa Mombasa alianzisha gazeti la kila juma liitwalo African Standard. Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili, nao wakaliita East African Standard. Gazeti hilo likahamia Nairobi mwaka 1910, na kwa miaka mingi likawa sauti ya masetla, likiwapiga Wahindi wenzake kwa maandishi. Jembe alilolichonga mwenyewe likamlimia mwingine, na shamba lililolimwa ni lake.

Mwaka 1906 akatoa hidaya kwa mji. Alitengeneza bustani ya kiasi cha eka tano, akaipanda miti, na katikati akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Aliyekuja kuifunua sanamu ile ni Duke wa Connaught, mwanawe Malkia mwenyewe. Sisi tuliosoma chuoni tuna maneno yetu juu ya masanamu, na huenda msomaji akashangaa Mwislamu kutoa hidaya ya namna hiyo. Mimi nadhani hakuwa akimsujudia mtu. Alikuwa akidai deni. Alitaka kuwaambia wakubwa: mimi nami ni raia wa malkia huyu, basi haki mnayompa mwanawe Mwingereza nipeni na mimi.

Deni halikulipwa.

Kiti kimoja

Baraza la Kutunga Sheria liliundwa mwaka 1907, na wote waliokaa humo walikuwa Wazungu. Wahindi wakapiga kelele, wakauliza, sisi tulipao kodi na tulioujenga mji hatuna mdomo? Mwaka 1909 serikali ikamteua Jeevanjee, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kukalia kiti katika baraza hilo.

Hebu fikiri hali yake. Huyu ni mtu ambaye wengi waliomzunguka walikuwa wamelala au wamefanya kazi chini ya mapaa yake. Lakini tangu 1906, na tena 1908, Lord Elgin, waziri wa makoloni kule London, alikwisha kukubali kwamba ardhi ya nyanda za juu wasipewe Wahindi. Mji aliujenga, lakini alipotaka shamba la jirani na mji ule aliambiwa rangi yake haimruhusu. Maradhi ya tauni yalipoingia Nairobi mwaka 1902, mitaa ya biashara ya Wahindi ilitiwa moto kwa amri. Na baadaye, mwaka 1913, Profesa Simpson akaletwa kutazama afya ya miji, akashauri watu watengwe kwa rangi, kila jinsi na mtaa wake. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ikaja na miaka 999 ya kukodisha mashamba, na gavana akapewa uwezo wa kuzuia ardhi isihame kutoka rangi moja kwenda nyingine.

Kura moja ndani ya baraza la namna hiyo ni kama kijiko katika bahari. Jeevanjee aliliona hilo upesi. Mwaka 1910 alikwenda London, akasema na magazeti, akaeleza dhuluma zote hizo waziwazi hata masetla wakaghadhibika. Mwaka 1912 akachapisha kijitabu cha madai ya Wahindi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 Wahindi walikutana hapa Mombasa wakaunda chama chao kikubwa, East African Indian National Congress, naye akawa rais wake wa kwanza. Mtu aliyeweza kunyamaza akala kodi za majumba yake kwa raha alichagua kugombana na mpangaji wake mkubwa. Hilo ni jambo la kumhesabia.

Doa

Lakini mwenye kuandika habari za maiti asiandike kama anayemsomea hitima. Lipo doa, nami sitalifunika.

Alipokuwa London mwaka 1910, Jeevanjee alitoa rai kwamba nchi hii iunganishwe na Bara Hindi, itawaliwe kwa sheria za kule. Alidhani kwa njia hiyo Wahindi watapata usawa. Katika rai hiyo Mkikuyu hakuulizwa, Mmaasai hakuulizwa, wala Mswahili wa Mombasa, ambaye nchi yake ilikuwa bado yaitwa ya Sultani. Mtu aliyeonja uchungu wa kusemewa na wengine alikuwa tayari kuwasemea wengine, naye hajui ladha ya shida yao.

Malipo yake alikuja kuyaona mwaka 1923. Ujumbe wa Wahindi ulikwenda London kudai daftari moja la wapiga kura, naye, mzee wa miaka 67, akiwa mmojawapo. Serikali ikajibu kwa waraka wa Devonshire. Ikasema nchi hii ni ya Waafrika na maslahi yao ndiyo yatangulie, kisha ikagawa viti vya kuchaguliwa: Wazungu 11, Wahindi 5, Mwarabu 1. Waafrika, ambao maslahi yao yametangulia, wakapewa mmisionari wa kuwasemea. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika baraza lile mpaka mwaka 1944. Masetla wakabaki na nyanda zao. Hoja ya haki ya Mwafrika ilitumiwa kumfungia Mhindi mlango, na Mwafrika mwenyewe akaachwa nje ya mlango uleule.

Nadhani laiti Jeevanjee na wenzake wangalisimama tangu mwanzo na wenyeji, wakadai haki ya wote badala ya haki ya jinsi moja, jibu lile lisingalikuwa rahisi kutolewa. Hili ni fundisho kwa kila msemaji: ukidai chako peke yako, adui yako atamtumia jirani yako kukunyima.

Alikufa Nairobi mwaka 1936, ana miaka 80. Wakati huo mali yake ilikuwa imepungua sana. Majumba yalikwenda, gazeti lilikwisha kwenda zamani, kiti cha baraza kilikwenda. Soko lake halikudumu kuwa soko la mji.

Kilichobaki

Ilibaki bustani.

Na hata hiyo ilitaka kuliwa. Mwaka 1991, katika siku ambazo viwanja vya watu wote vilikuwa vikigawanywa kama biriani ya arusi, yalitoka mashauri ya kujenga hapo pa kuegesha magari, ghorofa juu ya ghorofa, pamoja na maduka. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1989, Wangari Maathai alikuwa amepigania Uhuru Park, na watu walikwisha kujifunza kuwa inawezekana kukataa. Kizazi cha Jeevanjee kikajitokeza kikasema, mzee wetu aliitoa bustani hii kwa watu, haina ruhusa ya kuuzwa. Mmoja wao, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele katika vita hivyo, na mwaka 1997 akatoa kitabu cha maisha ya babu yao. Watu wa kawaida wakaunga mkono. Mashauri yale yakafa.

Baadaye katika bustani hiyohiyo wakaanza kukutana watu wa mjini wasio na ofisi wala cheo, wakijadili kodi, vibarua, bei ya unga na mwendo wa serikali. Wakajiita Bunge la Mwananchi. Tazama mambo ya Mungu. Jeevanjee alipewa kiti kimoja katika baraza la wakubwa, na humo sauti yake haikufua dafu. Lakini juu ya nyasi alizozitoa yeye, mchuuzi na mlinzi wa usiku wamepata baraza ambalo halikumngoja gavana kuwateua. Sanamu ya Malkia iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka 2015, kichwa mbali na kiwiliwili mbali. Hidaya aliyowalenga wakubwa imevunjika, na ile iliyowafikia wadogo imesimama.

Chuoni tulifundishwa habari ya sadaka inayoendelea, ile ambayo thawabu zake hazikatiki mwenyewe akiwa kaburini. Tulipokuwa watoto tulidhani ni kisima tu, au msikiti. Sasa naona hata benchi chini ya mti laweza kuwa ni hiyo. Sisemi bustani ile ni wakfu kisheria, kwani mimi si kadhi. Nasema roho yake ni roho ya wakfu: kitu kimetolewa, kisirudishwe wala kisiuzwe, na kila mpitaji ana haki nacho sawa na mwenziwe.

Lakini roho peke yake haitoshi, na hapa narudi kwenye uwanja wetu wa nyuma ya chuo. Bustani ya Nairobi ilipona kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hidaya ile ilifanywa hadharani, ikaandikwa, na jina la mtoaji likabaki juu yake, hata mwizi akakosa pa kuanzia uongo. Ya pili ni kwamba siku ya kuja kuchukuliwa walikuwako watu wa kusimama. Uwanja wetu haukuwa na la kwanza wala la pili. Wazee wetu waliamini kuwa neno la muungwana linatosha. Na hapa pwani tulikwisha kuonywa: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi aende akathibitishe, na ambayo haikuthibitishwa ikahesabiwa ya serikali. Watu wangapi walilala na minazi yao wakaamka ni maskwota chini ya minazi ileile? Mabati yalipozungushwa, nami nilikuwa mtu mzima mwenye kalamu. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilisema, Mungu atawalipa. Mungu atawalipa kweli, lakini hiyo haikuwa udhuru wangu.

Basi swali langu nimelipatia jibu. Mjenzi wa majumba akija kuomba kura, usimuulize amejenga ngapi, maana hizo ni zake. Muulize ametoa nini ambacho hawezi kukirudisha. Muulize pia anamsemea nani: jamaa zake, wapangaji wake, au na yule asiye na nyumba kabisa. Jeevanjee katika swali la kwanza alishinda, katika la pili alipungukiwa, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Nawe ukiwa una kiwanja na nia njema, mwite shahidi leo, uandike.

Nilipokuwa nimekaa juu ya benchi lile nalitunga ubeti mmoja, nikauandika nyuma ya tikiti ya basi. Si mkubwa, lakini nauweka hapa kwa kuwa deni la kiti lazima lilipwe:

Mali ni maji ya pwani, hujaa kisha hutoka,
Leo upo kileleni, kesho chini wapomoka,
Utoacho kwa imani, hicho hakitaondoka,
Fungu lako litabaki, lile ulilolitoa.